Keki 600 na Safu ya Sifuri

Usiku wa tarehe 7 Machi 2024 niliupitisha jikoni kwa dada yangu, Tabata, nikivunja mayai. Nilivunja mayai 125, na ninaitaja idadi hiyo kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya kazi ya usiku ule niliyoaminiwa kuifanya bila kusimamiwa. Taasisi moja ya umma ilikuwa imemwagiza keki za vikombe 600 kwa ajili ya maadhimisho ya Siku ya Wanawake, zifike ukumbini saa tatu asubuhi, zikiwa na aisingi ya zambarau. Mpwa wangu, ambaye kwa kawaida humsaidia mama yake, alikuwa amelemewa na kazi, na dada akanipigia simu. Huyu ni dada aliyenisomesha sekondari kwa maandazi. Akipiga simu, siulizi kuna nini, ninakwenda.

Nilifika nikiwa na ujasiri wa msomi. Kanuni ya dada ni nyepesi: unga gramu 250, sukari gramu 250, siagi gramu 250, mayai 5, bekin pauda vijiko viwili vya chai na maziwa kidogo hutoa keki 24. Nilizidisha mara 25 nikapata unga kilo sita na robo, sukari vivyo hivyo, siagi vivyo hivyo, na mayai trei nne na ziada ya matano. Nikashauri tuchanganye vyote kwa mkupuo mmoja kwenye beseni kubwa ili tuokoe muda. Dada alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi unamfuata.

“Dokta,” alisema (huniita hivyo ninapokuwa nimekosea), “bekin pauda ikishalowa imeanza kazi. Haikusubiri wewe upate nafasi kwenye oveni.”

Ndivyo ilivyo. Mchanganyiko ukilowa huanza kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Mchanganyiko uliosubiri saa tatu huingia kwenye oveni ukiwa umeishiwa pumzi, na keki hutoka nzito, zimebonyea katikati. Kwa hiyo huchanganyi zaidi ya unachoweza kuoka sasa hivi. Oveni yake ya gesi hubeba trei mbili za vikombe 12, kila mkupuo dakika 20. Mikupuo 25 ni dakika 500, yaani saa nane na dakika 20, bila kuhesabu muda wa kufungua, kutoa, kupanga na kusubiri oveni irudishe joto lake. Tulianza saa kumi na mbili jioni. Trei ya mwisho ilitoka saa kumi alfajiri.

Katikati hapo, kama saa saba usiku, umeme ulikatika. Oveni haikujali, lakini mashine ya kuchanganyia ilinyamaza, nasi tukapiga siagi na sukari kwa mwiko, kwa zamu, chini ya tochi ya simu. Siagi hupigwa mpaka igeuke nyeupe na kuwa laini, na mkono wa mhadhiri hauna mazoezi hayo. Mpwa wangu alinipokonya mwiko kwa adabu: “Mjomba, wewe kapange vikombe vya karatasi.”

Aisingi nayo ina tabia yake, hasa Dar es Salaam mwezi Machi. Ukiipaka juu ya keki yenye uvuguvugu, inateleza. Ukiitengeneza mapema, joto la chumba linaiyeyusha ndani ya mfuko wa kupambia. Dada aliisubirisha hadi alfajiri, akaliweka bakuli lake juu ya maji ya barafu, kisha akaanza kupamba. Nilimpima kwa saa yangu: sekunde 15 kwa keki moja, mzunguko ule ule, urefu ule ule, mara 600. Nimehudhuria mitihani mingi ya utetezi wa tasnifu na sijaona umahiri uliotulia namna ile.

Sherehe ilifana. Siku hii ina historia ninayopenda kuwasimulia wanafunzi: wazo lake lilipitishwa mwaka 1910 mjini Copenhagen, katika mkutano wa wanawake wa kisoshalisti, na tarehe 8 Machi 1917 wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo walijaza barabara za Petrograd wakidai mkate, siku chache kabla ya mfalme wa Urusi kuanguka. Walidai mkate. Sisi siku hizi tunagawa keki, na hotuba ya mgeni rasmi inahusu uwezeshaji wa wanawake kiuchumi. Mwanamke aliyeoka keki hizo alikuwa nyumbani, miguu imevimba, amelala.

Sasa nizungumzie fedha. Bei ilikuwa shilingi 1,500 kwa keki, jumla 900,000, malipo baada ya kupokea mzigo. Vifaa, maboksi, gesi na usafiri vilimgharimu 560,000. Hakuwa nazo zote, akakopa 300,000 kwa wale tunaowaita kausha damu, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, akiweka rehani ile mashine ya kuchanganyia. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda kwenye mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, alinikumbusha jambo ambalo mimi mwenyewe nililichambua darasani: Serikali ilikuwa imeisitisha mikopo hiyo tangu Aprili 2023 ili kupanga upya utaratibu wake, na haikurejea mpaka Julai 2024. Nililiunga mkono zuio lile. Vikundi hewa vilikuwa vimekithiri, na bado naamini palihitajika kusafisha. Ila sikuwahi kujiuliza mwanamke mwenye oda ya siku ya Ijumaa angekopa wapi siku ya Jumanne.

Malipo hayakuja Machi wala Aprili. Alikwenda ofisini mara sita. Aliambiwa mhasibu yuko safarini. Kisha kwamba hati ya kupokelea mzigo haina sahihi. Kisha kwamba kasma imekwisha na asubiri. Riba ya 90,000 ilikuwa inaingia kila mwezi. Mashine ilichukuliwa mwezi Mei, na tangu hapo dada akawa anapokea oda ndogo tu, zile za kupigwa kwa mwiko.

Mimi sikujua. Aliniambia mwezi Juni, tena baada ya mpwa wangu kuropoka. Na hapa, ndugu msomaji, naingia mahali ninapoona aibu. Nimeandika humu zaidi ya mara moja dhidi ya utamaduni wa kujuana. Jioni ile nilimpigia mtu niliyesoma naye, ambaye ana kiti katika taasisi ile. Sikuomba upendeleo, nilijiambia. Niliulizia tu haki. Siku nne baadaye fedha ziliingia, zikiwa zimekatwa asilimia 2 ya kodi ya zuio, shilingi 18,000. Ukitoa riba ya miezi mitatu, dada alibakiwa na 52,000, kabla ya nauli za kufuatilia. Watu watatu, saa 15 kila mmoja.

Wiki ile niliitoa tasnifu yangu ya uzamivu kwenye rafu. Niliandika juu ya wanawake wanaofanya biashara ndogo za vyakula, na sura ya tano ina jedwali la gharama: malighafi, nishati, pango, usafiri. Kuna safu yenye kichwa “nguvukazi ya familia”, na kila mstari wake, ukurasa mzima, una sifuri. Hakuna mtahini aliyeihoji. Nakumbuka nilieleza katika tanbihi kwamba kazi hiyo hailipwi na hivyo haina gharama. Kwa jedwali lile, usiku wa tarehe 7 Machi haukutokea, na dada alipata faida nzuri ya 340,000.

Nilimpelekea dada ile tasnifu, nikamwonyesha ukurasa, nikamweleza. Aliusoma polepole, akaurudisha. Sikujua nilitarajia nini, pengine anicheke. Akaniuliza juu ya mzee aliyeleta maturubai na viti siku ile ile. Walikuwa wakikutana kwenye benchi la mhasibu, na mara ya mwisho walipoonana alikuwa bado anadai.

“Yeye umempigia nani?”