Kugawa Diski, Kuhifadhi Sauti

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hurudi kutoka nyanjani na amana za watu. Katika utafiti wangu wa uzamili nilirekodi ngano, methali na nyimbo za wazee wa Meru na Embu kwa jumla ya saa 40. Wawili miongoni mwa wazee hao wamekwisha kuaga dunia. Kwa hiyo, nilipoamua kuweka mfumo endeshi wa Linux katika kipakatalishi changu, swali la kuigawa diski halikuwa la mafundi peke yao. Wala Kiswahili si mgeni katika uwanja huu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi katika lugha yetu.

Tuanze na hesabu. Sauti isiyobanwa, ya kiwango cha CD, huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika. Saa 40 basi ni gigabaiti 25 hivi. Diski yangu ina gigabaiti 250, na kumbukumbu ya RAM ni gigabaiti 4.

Mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya hutenga kipande cha michai, cha nyasi za ng'ombe na cha makazi. Nyumba ikibomolewa ili ijengwe upya, michai haiguswi. Vivyo hivyo, niliupa mfumo na programu zake gigabaiti 40, na gigabaiti 200 hivi nikazitengea faili zangu, katika sehemu ambayo Linux huiita /home. Mfumo ukiharibika, nitaifuta na kuijenga upya sehemu ya kwanza pekee, nayo /home niiache kama ilivyo.

Ipo pia sehemu ya swapu, ghala la dharura. RAM ikielekea kujaa, Linux huhamishia humo data isiyotumika kwa wakati huo. Kanuni ya zamani ilitaka swapu iwe mara mbili ya RAM, lakini ilitungwa enzi za RAM ya megabaiti chache. Diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Kurefusha swapu hakuongezi kasi. Hata hivyo, umeme hukatika kwetu, na betri inapokaribia kwisha, kipakatalishi huweza kunakili yaliyomo katika RAM kwenye swapu, kisha kikazima. Anayetaka huduma hiyo ni salama atenge swapu isiyopungua RAM yake. Mimi nilitenga gigabaiti 6.

Tusijidanganye, lakini. Kiambaza hutenga vyumba. Hakizuii nyumba nzima kuteketea. Diski ikifa, sehemu zake zote hufa pamoja. Ndiyo sababu nakala ya pili ya sauti hizo imo katika diski ya nje iliyoko Embu, mbali na kipakatalishi kilichoko Meru.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaopokea sauti za wazee tuna wajibu wa kujua zinalala wapi. Kabla ya kuikata diski, mtafiti na ahesabu kwanza saa alizorekodi na zile anazotarajia kurekodi, kwani mipaka ya diski, kama ya shamba, ni rahisi kuichora na ni taabu kuisogeza.