Waraka wa Sheikh Ahmad

Wiki iliyopita bibi yangu wa Mikindani alinitumia ujumbe simuni. Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume huko Madina, ameota ndoto, kiama kimekaribia, atakayeusambaza atapata kheri, atakayeupuuza atafikwa na msiba. Nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi: huu ni uzushi uliopita karne moja, ulikwishazunguka Lindi mwaka 1908, wanahistoria wanauita Waraka wa Makka, na utawala wa Kijerumani ulitaharuki kwa sababu yake.

Bibi hakubishana. Aliuliza tu, "Mume wangu, kama ni uongo, Mjerumani aliogopa nini?"

Nilikosa jibu la haraka. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia. Kusini ilikuwa imeteketezwa kwa moto na njaa, na maji ya Kinjikitile hayakuzuia risasi. Ndipo ikaja karatasi iliyowaambia watu watubu na waswali. Aliyeishika kalamu alijificha nyuma ya jina la Sheikh Ahmad, naye alifanya busara. Sheikh Uways wa Barawa, aliyeeneza twariqa ya Qadiriyya hadi Unguja enzi za Sayyid Barghash, hakujificha. Kasida zake zajulikana kuwa ni zake, na mwaka 1909 aliuawa na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan. (Zikri ya Qadiriyya, ile ya kuvuta pumzi kutoka kifuani, ndiyo iliyonilaza usingizi utotoni. Shahada ya uzamivu haijaniondolea sauti ile.)

Mjerumani hakuiogopa ndoto. Aliogopa kwamba watu aliodhani amekwisha kuwavunja walikuwa wakisomeana jambo ambalo hakuwaandikia yeye.

Mwezi Mei 2013 nasi tuliviona vipeperushi visivyo na jina vikipita mkono kwa mkono Mtwara, kuhusu gesi ya Mnazi Bay, pale Msimbati karibu na mlango wa Ruvuma, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Tarehe 22 bajeti ya nishati iliposomwa, mji uliwaka, na wanajeshi wakaletwa. Wakubwa walimtafuta mwandishi. Wachache mno walijiuliza kwa nini wasomaji walimwamini.

Nami nilimfanyia bibi vivyo hivyo: nilimsahihisha kabla ya kumuuliza anaogopa nini. Ujumbe wake bado umo simuni mwangu. Sijausambaza, kuufuta nako nimeshindwa.