Kichwa Kimoja, Mtungi Mmoja

Kuosha nywele zangu kunamaliza mtungi mmoja wa lita 20. Siwezi kuongeza wa pili. Hapa Rongai maji ya mfereji hayatufikii, kwa hivyo tunanunua ya kisima kwa jamaa wa mkokoteni, na mtungi huo huo ndio wa chai na vyombo. Halafu nafungua simu, namkuta dada wa Marekani anaosha nywele kama zangu chini ya bomba linalotiririka dakika 20 nzima. Namtazama tu vile watu hutazama sinema.

Hakuna aliyetufundisha kazi hii. Toka darasa la kwanza hadi kidato cha nne, miaka 12, tulinyolewa. Nilifika chuo na miaka 19 bila kujua kichwa changu kinataka nini. Karo iliponishinda nikatoka, pesa ya saluni ikaisha siku hiyo hiyo, na nywele zikaendelea kumea.

Sasa najua. Nywele zetu zimejikunja, kwa hivyo mafuta ya ngozi hayashuki hadi ncha. Ngozi inachafuka, ncha zinakauka. Shampuu basi ni ya ngozi: nasugua kwa nyama ya vidole, si kucha, na povu linaloteremka linatosha kusafisha zilizobaki. Kabla ya maji nagawa kichwa mafungu manne na kufungua mafundo kwa vidole, kuanzia kwenye ncha. Kichana cha meno mapana kinaingia tu wakati kondishona iko ndani. Ukichana zikiwa kavu utazisikia zikikatika, taa! taa!, kama kuni mbichi jikoni.

Maji ya kisima yana ubishi wake. Ni magumu, yanazima povu na kuacha utando mweupe, ule ule ulio kwenye sufuria yangu ya chai. Mwisho nasuuza kwa lita moja ya maji yenye vijiko viwili vya siki. Mvua ikinyesha natega beseni, siki inapumzika. Nakausha kwa fulana kuukuu kwa sababu taulo linakwaruza, napaka mafuta nywele zikiwa bado na unyevu, kisha nasuka matuta yaliyolegea. Mafuta hayaleti maji, yanayazuia tu kutoroka. Wauzaji wa vikopo vya bei kali hawapendi kusema hivyo.

Mama hakupenda. "Hizo nywele ndizo utaendea kazi?" Kwake, nywele zisizotiwa dawa zilikuwa ushahidi kwamba niliacha shule na nimejiachilia. Yeye ametia dawa tangu kabla nizaliwe, na juu ya dawa anasukwa za kukaza, zile zinazokunyima usingizi. Paji lake limepanda. Pembeni, juu ya masikio, pamebaki laini kama kiganja. Kwa miaka amepaficha kwa kitambaa, na sisi watoto tumejifanya hatuoni.

Mwezi uliopita alikuja, akakaa kwenye kigoda, akafungua kitambaa mwenyewe. "Haya, nioshe. Lakini usivute."

Sikuvuta. Pale mbele nilipita kwa vidole viwili tu. Sikumwambia zitarudi, mahali mizizi imevutwa miaka mingi, pengine hazirudi. Nilimwambia aache kukaza, ili zilizobaki zibaki.

"Na dawa?"

"Na dawa, Mama."

Akanyamaza, kisha akauliza siki nanunua wapi.