Alianza Kuvuta Lini?

Swali hilo mama aliulizwa na kijana wa mapokezi, macho yake yakiwa kwenye fomu. Hakuuliza kama mama anavuta sigara. Aliuliza alianza lini. Mama alikuwa amekaa upande, maana pafu la kulia lilikuwa halimruhusu kukaa sawa. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "mimi ubani tu ukifukizwa natoka nje. Sigara nitaiweza?"

Kijana akaandika kitu. Sikuona alichoandika.

Hiyo ilikuwa mwaka 2019, Dar es Salaam, baada ya karibu mwaka mzima wa kuhangaika. Kikohozi kilianzia kwetu Salale, kwenye delta ya Rufiji, wakati wa masika, na kikohozi cha masika huko hakimshtui mtu. Alikunywa tangawizi, akachuliwa kifua kwa mafuta ya nazi. Kilipokataa tukamvusha kwa boti hadi Nyamisati, kisha bodaboda mpaka barabara kubwa pale Bungu, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Hospitali ya kwanza ilimpiga picha ya kifua, ikaona weupe. Makohozi yakapimwa mara mbili, hayakuonyesha vijidudu vya kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu vivyo hivyo, za miezi 6.

Siwalaumu sana. Penye kifua kikuu kingi, daktari akiona weupe kwenye picha huwaza ugonjwa anaoutibu kila siku. Lakini miezi ile 6 ndiyo ninayoihesabu usiku nikikosa usingizi. Mama hakuruka kidonge hata siku moja, na alizidi kukonda. Nyumbani alitengewa kikombe na sahani. Wajukuu wakakatazwa kulala naye. Kumbe ugonjwa wenyewe hauambukizi.

Dar es Salaam walipomtoa maji kifuani kwa sindano, yalifika lita moja na nusu, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kipande cha nyama kikapelekwa maabara, kikarudi na jina: adenokasinoma. Daktari alinichorea pafu nyuma ya bahasha. Aina hii ya saratani ya mapafu, alisema, huanzia kwenye seli za tezi zinazotoa ute, mara nyingi pembeni mwa pafu, na ndiyo inayowapata zaidi watu wasiovuta. Ilikuwa imeshafika kwenye mfupa wa nyonga.

Pale Ocean Road, kwenye taasisi ya saratani, alipigwa mionzi ya kumpunguzia maumivu ya nyonga. Hospitali hiyo Wajerumani waliijenga miaka ya 1890 ikitazama bahari, na mama alipenda kukaa akipunga upepo. Siku moja akaniuliza, "Bahari gani hii haina mikoko? Samaki wanazalia wapi?" Nikamwambia sijui. Akanitazama kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi.

Daktari yule wa bahasha alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza, "Alikuwa akipikia nini?"

Nikaanza kueleza, nikashindwa kunyamaza. Mafiga matatu, kuta za miti na udongo, paa la makuti lenye masizi yanayoning'inia. Lakini chungu cha wali hakikuwa taabu. Taabu ilikuwa chanja. Baba alirudi na hongwe na mkizi, na kwetu barafu ilikuwa ya kubahatisha. Samaki wa leo kesho hafai. Mama aliwapasua, akawapanga juu ya chanja, akakoka moto chini kwa vijiti vya mkandaa vilivyojikaukia. Moto haukutakiwa kutoa ndimi. Ukiwaka anaunyunyizia maji ufuke, kwa sababu samaki yule hukaushwa na moshi. Ukipungua moshi, kazi imeharibika. Usiku kucha anainama, anageuza, anafuta macho kwa ncha ya khanga. Masika aliiingiza chanja ndani kukwepa mvua na kufunga mlango kuwazuia paka. Mgongoni alikuwa na mtoto. Mtoto huyo nilikuwa mimi, halafu wadogo zangu watatu.

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye chanja ile. Sare yangu ilinuka moshi, shuleni wakaniita Hongwe. Nilimlalamikia mama, naye akawa anaifua sare mara mbili.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hata hivyo hakuna awezaye kuapa kuwa ni moshi ule. Baadaye nilisoma mwenyewe. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeshaamua kuwa moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba unasababisha saratani ya mapafu. Moshi wa kuni limeuweka daraja moja chini: yaelekea unasababisha. Neno hilo "yaelekea" ninaishi nalo. Ni neno la haki kwa mtu wa sayansi, na siwezi kumtaka aseme asichokithibitisha. Ila nimeona kwamba wale wanaouliza kuhusu sigara huwa hawana "yaelekea".

Mama alitaka kurudi kwao, tukamrudisha. Alifariki alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, na ndugu wa ng'ambo wakakwama na mitumbwi yao kwenye tope wakisubiri yajae. Tukachelewesha kuzika kwa ajili yao. Kwenye matanga jamaa mmoja wa mbali alinivuta pembeni, akaninong'oneza: je, mama alikuwa akivuta kwa siri? Sikumjibu. Baba mdogo ndiye aliyemjibu, na maneno yake hayaandikiki.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nilifurahi kwa dhati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020 pekee, kwa maradhi ya moyo, kiharusi, nimonia na mengine pamoja na saratani. Nikamnunulia dada yangu mtungi wa gesi na jiko lake, nikaupakia kwenye boti mwenyewe. Sikufikiri vizuri. Gesi inapika wali na chai, haikaushi hongwe. Yapo matanuri ya kukaushia samaki yenye kutoa moshi kwa bomba juu ya kichwa cha mpishi. Kwetu sijaliona hata moja.

Nilikwenda tena mwaka jana. Mtungi ulikuwa uani, mtupu, kwa kuwa kuujaza ni mpaka uvuke, na watoto walikuwa wameufanya kiti. Dada nilimkuta ndani, mlango umefungwa, anageuza samaki. Nilimwita mara mbili kabla hajaitika, kwa sababu alikuwa anakohoa.