John Tomes na Siri za Mafundi

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nami nathubutu kusema kwamba adhabu ya jino aijuaye ni yule aliyewahi kukesha kwa sababu ya gego moja. Mtu wa namna hiyo hana cheo wala subira. Yu tayari kumfumbulia kinywa mtu yeyote aliyeshika chuma, mradi maumivu yaishe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jino ling'olewe vipi, hatuna budi kuuliza: ni nani mwenye haki ya kutia mkono katika kinywa cha mwenzake, nasi tutamjuaje?

Swali hili ndilo lililonivuta niyatazame maisha ya Mwingereza mmoja wa enzi za Malkia Victoria, John Tomes. Alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Weston-on-Avon. Alipokuwa na miaka 16 alipelekwa kujifunza kazi kwa mtengeneza dawa wa mji wa Evesham, na mwaka 1836 akaenda London kusomea udaktari. Wakati huo nchini Uingereza meno yaling'olewa na kila aliyejiona ana mkono wa kazi hiyo: kinyozi, mhunzi, muuza dawa, hata mlaghai wa gulioni. Hapakuwa na mtihani wala sheria. Chombo kilichotumika sana kilifanana na ufunguo. Kilinasa jino kwa ndoana na kulipindua kwa ubavu, na mara nyingi kiliondoka na kipande cha taya au kulivunja jino la jirani.

Mwaka 1839 hadi 1840 Tomes alikuwa daktari wa zamu katika Hospitali ya Middlesex, na huko akayaona mateso hayo kwa macho yake. Alitambua jambo ambalo laonekana dogo: kila aina ya jino ina umbo lake la shingo. Basi akabuni makoleo ambayo midomo yake ilichongwa ifuate umbo hilo, akamtafuta fundi wa vyombo aitwaye Evrard amtengenezee. Jino likishikwa barabara shingoni, hakuna haja ya kupigana na taya. Makoleo yanayotumika leo yangali yanafuata wazo hilohilo.

Hakuishia hapo. Aliwalisha makinda ya shomoro mzizi unaotia rangi nyekundu ili aone jinsi mfupa unavyokua. Mwaka 1850 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi ya Uingereza. Mwaka 1856 alieleza nyuzi laini zilizomo ndani ya vijifereji vya jino, ambazo hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Wataalamu wa siku hizi wana maelezo mengine juu ya njia ambayo maumivu hupita, lakini Tomes alisaidia kuonyesha kwamba jino si jiwe lililopandwa kinywani, bali ni kiungo hai.

Hapo, ndugu msomaji, angeweza kutulia. Alikuwa na chombo kizuri, jina zuri na wateja wenye fedha.

Nilipokuwa kijana nilimfahamu seremala mmoja hodari sana. Vitanda vyake viling'aa kama maji. Lakini kila alipofika kwenye hatua ya kuchanganya rangi ya kupakia mbao, alimtuma mwanafunzi wake dukani kununua misumari. Kijana akirudi, kazi imekwisha. Mzee yule alipofariki, ung'avu ule alikwenda nao. Simlaumu peke yake, kwani ufundi ulikuwa shamba lake, na nani hugawa shamba angali hai? Hata hivyo mtaa mzima ulipungukiwa.

Waganga wa meno wa London walikuwa na tabia iyo hiyo. Wengi walifanya kazi nyuma ya milango iliyofungwa, na mbinu za karakana zilikuwa siri ya kuuzwa. Tomes alishika njia nyingine. Mwaka 1845 alitoa mihadhara juu ya meno katika Hospitali ya Middlesex, na mwaka 1848 ikachapishwa, kila mtu aweze kuisoma. Mwaka 1856 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama ambamo waganga wa meno walikutana kuelezana waliyoyagundua. Mwaka 1858 ikafunguliwa hospitali ya meno katika uwanja wa Soho, ambako maskini walitibiwa na vijana walijifunza, na mwaka uliofuata ikapata shule yake. Mwaka huohuo wa 1859 Tomes alitoa kitabu kikubwa cha upasuaji wa meno. Yale ambayo wengine waliyaficha, yeye aliyaandika.

Lakini kufundisha bila kupima hakutoshi. Mwaka 1855 yeye na wenzake waliwaomba wakuu wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji wawatahini waganga wa meno. Walikataliwa. Wengine katika fani walikasirika wakataka chuo chao wenyewe. Tomes alishikilia kwamba mganga wa meno apimwe mahali palepale anapopimwa mpasuaji, asije akabaki fundi wa pembeni. Ilichukua miaka mitano. Mitihani ya kwanza ilifanyika mwaka 1860. Baadaye, akiwa ameshastaafu na kuhamia Caterham, alipigania sheria iliyopitishwa mwaka 1878, ambayo iliweka daftari la majina ya waganga wa meno. Sheria hiyo ilikuwa na tundu: iliwazuia wasioandikishwa kujiita waganga wa meno, lakini haikuwazuia kung'oa meno. Tundu hilo lilizibwa mwaka 1921, miaka 26 baada ya yeye kufariki.

Siku hizi nikikaa katika kiti cha daktari wa meno, macho yangu hutafuta kwanza cheti ukutani, kabla hata ya kuitazama sindano. Karatasi ile haipunguzi maumivu. Inaniambia tu kwamba mkono unaokuja umefundishwa na wengine, na kwamba yupo wa kumwuliza ukikosea. Ni faraja kubwa kwa mtu aliyefumbua kinywa na hawezi kusema neno.

Tomes alifariki Julai 1895. Mwaka huohuo mjini Edinburgh, Lilian Murray alifaulu mtihani na kuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu uganga wa meno nchini Uingereza. London walikuwa wamemkataa kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1946, akiitwa Lilian Lindsay kwa jina la mumewe, alikuwa rais wa chama cha waganga wa meno cha Uingereza, chama ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Tomes.

Ni kweli, lango ambalo Tomes alilijenga halikumfungukia kila mtu. Lakini elimu iliyofichwa kifuani mwa fundi haina hata lango. Iliyoandikwa, ikafundishwa na kutahiniwa, mtu hujua walau pa kubisha hodi, na akikataliwa mlango mmoja, huujaribu mwingine.

Wewe unayesoma haya, bila shaka iko kazi unayoijua kuliko jirani zako. Je, ni nani umemwita aje asimame karibu, atazame?