Walipoachana jamaa alibeba friji na TV, dada akabaki na pikipiki... Kilichomkuta kwenye kona 57 ni hiki!

Kuna dada mmoja wa Sinza, mtoto wa mjini mpaka kucha, alikaa na mchumba wake miaka minne. Walipoachana wakagawana vitu kistaarabu kabisa. Jamaa akachukua friji, TV na kochi. Dada akasema yeye anataka pikipiki.

Watu walicheka, maana miaka yote minne alikuwa anakaa nyuma tu, hajawahi hata kuiwasha. Jamaa mwenyewe akamwambia, "Utaniuzia tu. Hiyo hutaiweza."

Neno hilo ndilo lililomfikisha Chimala.

Alijifunzia uwanjani Kigamboni kwa bodaboda mmoja mvumilivu, akapata leseni, na mwezi wa tatu akaomba likizo kazini. Akafunga begi nyuma kwa mpira, akaondoka peke yake. Morogoro, Iringa, Makambako. Mlima Kitonga aliupanda akiwa katikati ya malori mawili, akaposti video, watu wakampa maua yake.

Lakini Kitonga ni lami. Siku ya nne ndiyo ilikuwa yenyewe.

Kutoka Chimala, chini kwenye joto la Usangu, kuna njia inaiacha barabara kuu ya Mbeya na kupanda ukuta wa mlima kwenda Matamba, wilaya ya Makete. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, ndiyo hesabu ya kona zake. Mpango wake ulikuwa apande, avuke Kitulo, alale Makete mjini. Kwenye simu alishaandaa kabisa maneno ya kuposti akifika juu: "Hutaiweza?" Basi, neno moja tu. Mhusika angejijua.

Alihesabu kona mpaka ya ishirini na tatu.

Hapo likatokea lori la viazi linashuka. Akasogea pembeni, injini ikazima. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Akabana breki ya mbele, tairi likateleza kwenye udongo uliolowa mvua ya usiku, akatafuta ardhi kwa mguu, asiikute. Pikipiki ikalala, mguu wake ukiwa chini yake, petroli ikidondoka taratibu.

Alilia, tena kwa sauti.

Tanboi akaruka kutoka kwenye lori, akainyanyua pikipiki. Mguu haukuvunjika, ila goti lilishaanza kuvimba. Dereva akachungulia dirishani: "Dada, geuza tu. Huko juu kuna ukungu. Tunakupakilia na pikipiki yako mpaka Chimala, hatukudai hata mia."

Ofa ya bure, goti linauma, na hakuna hata mtu mmoja ambaye angemlaumu. Lakini aliangalia yale magunia ya viazi, akaiona pikipiki imelala juu yake, akaona na picha hiyo ikimfikia jamaa kabla ya magharibi.

"Asante kaka. Napanda."

Tanboi hakumbishia. Akamwambia tu, "Basi hapa usiguse breki ya mbele, sister. Tumia ya nyuma, gia namba moja, na usiachie mafuta katikati ya kona."

Hiyo ndiyo shule aliyopanda nayo. Kona hakuhesabu tena.

Matamba alifika anatetemeka. Joto la Chimala lote lilibaki chini. Mama mmoja muuza chai akamtazama kijaketi chake cha mjini, akatikisa kichwa: "We mwanangu, nani kakuruhusu upite Kitulo na hicho?" Akatoa magazeti ya kufungia maandazi, akamwambia ayapange kifuani ndani ya jaketi. Unaweza kucheka, lakini upepo ulipoanza kupiga ndipo alipojua yule mama hakuwa anatania.

Kitulo iko juu kama mita 2,600. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na tofauti na hifadhi tulizozoea, hii watu hawaendi kutafuta simba, wanaenda kuangalia maua. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Mwezi wa tatu nyasi zinakuwa zimejaa rangi, njano, nyeupe, zambarau, mpaka ukungu unapoanzia. Zipo orkidi aina 45, na kuna zile ambazo watu huchimba viazi vyake, vikasafirishwa mpaka Zambia kutengenezewa chikanda.

Huko juu hewa ni nyepesi, injini inakosa pumzi kama mtu. Akasimama aipumzishe. Akatoa simu apige picha, aposti lile neno lake.

Mtandao hakuna. Hata kijistari kimoja.

Akakaa pale na simu mkononi, mlima mzima kimya. Ndipo akashtuka kwamba tangu Matamba hakuwa amemuwaza jamaa hata mara moja. Na kingine: miaka minne yote juu ya pikipiki hii alikuwa anaona mgongo wa mtu tu. Njia ya mbele alikuwa haijui.

Akalifuta lile neno. Picha akapiga ya maua.

Aliingia Makete jioni, vidole vimekufa ganzi, akapata gesti, wakamletea jiko la mkaa. Simu ikashika mtandao, meseji zikamwagika. Moja ilikuwa ya jamaa: "Nimeona video ya Kitonga. Kwa kweli umenishangaza. Rudi tuongee. Friji bado ipo."

Aliandika jibu refu, akafuta. Akaandika lingine, la matusi, nalo akafuta. Mwisho akatuma hili: "Hivi cheni ikilegea inafunguliwa kwa spana namba ngapi?"

Jamaa alijibu ndani ya dakika moja, na maelezo juu. Dada akaazima spana kwa mlinzi wa gesti, akatoka uani na tochi ya simu, akaikaza cheni mwenyewe. Asubuhi alikuwa na safari ya Njombe.

Lile la friji hajalijibu mpaka leo.

Haya, wewe ungemjibu nini?