Amotiseri Mpya

Nilipofunga amotiseri mpya nyuma ya pikipiki yangu ya safari, nilikaza springi zote mbili hadi mwisho, nikidhani ugumu ndio nguvu. Nikampakia mama. Njiani gurudumu likarukaruka juu ya mawe. Mama akasema: «Mwanangu, nishushe, nitakwenda kwa miguu.» Niliona haya sana.

Jioni nikapima toka ekseli hadi chini ya kiti: kwanza gurudumu likining'inia, kisha mama nami tukiwa tumeketi. Springi yapaswa kushuka karibu theluthi ya mwendo wake wote. Zangu zilishuka kidogo tu. Nikazilegeza, kuume sawasawa na kushoto. Kesho yake mama alipanda tena, asilalamike. Basi, tusikaze kabla ya kumpima tunayembeba.